Ukisema "sorry" Uingereza, umetoa pole au umekiri kosa?

"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza, mwaka wa pili sasa, kwetu ni Tanga. Wiki iliyopita nilikuwa napeleka chai nikasikia kishindo, kuingia chumbani nakuta mzee mmoja kaanguka karibu na kitanda. Sikuwepo wakati anaanguka na wala shifti ile hakuwa wa kwangu. Nikabonyeza kengele, nikapiga magoti, nikamshika mkono huku nasema sorry, sorry, I'm so sorry. Binti yake alikuwa amekuja kumtembelea akanikuta hivo, akaniuliza kwa ukali, sorry ya nini, umemfanya nini? Nikamwambia nimemkuta tu, ila nikaona hajaniamini. Kesho yake meneja kaniita niandike maelezo, anasema binti kalalamika kwamba mfanyakazi alikuwa anamwomba mzee msamaha. Mwenzangu Mkenya ananiambia sorry imetoka kwenye sorrow, maana yake huzuni, kwahiyo niwaeleze hivo yaishe. Mwingine, Mwingereza, anasema nyie Waafrika mnalitumia vibaya hilo neno, ni Kiingereza kibovu. Hata mwanangu wa miaka 9 ananiambia mama acha kusema sorry sorry. Sasa hili neno maana yake hasa ni nini, nimekiri kosa au sijakiri, na je niache kulisema?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Angalia, hapo nimekupa pole mi ambaye sijawahi kukanyaga hapo kazini kwako, mzee simjui, binti yake simjui, na we wala hujanigeukia ukaniuliza "pole ya nini, umenifanya nini?" Umeipokea tu kama tulivyozoea. Yule binti hakupokea hivo, alisikia kitu kingine kabisa, na si lazima iwe ana roho mbaya, kasikia kile alichofundishwa kusikia tangu akiwa chekechea. Tatizo lako lote limekaa hapo katikati, kati ya ulichosema na kilichosikika.

Umeuliza maana ya neno, lakini mi najua kinachokunyima usingizi ni ile karatasi ya meneja, hasa kama viza yako inamtegemea mwajiri. Kwahiyo tuanze na hiyo kwa ufupi alafu turudi kwenye neno tutulie nalo. Mi ni mwalimu wa lugha na mkalimani, si mwanasheria, ila hili nalijua kwa sababu tunakutana nalo sana kwenye ukalimani: huko England na Wales kuna Sheria ya Fidia ya mwaka 2006, kifungu cha 2, ambacho kinasema wazi kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiki kuwa ni kukiri uzembe. Scotland nao wana sheria yao ya mwaka 2016 ya mambo hayo hayo ya kuomba radhi. Na zaidi ya hapo, nyumba za wazee England tangu Aprili 2015 ziko chini ya ule wajibu wa kuwa wakweli kwa mgonjwa au anayemwakilisha, yani mgonjwa akipata madhara makubwa kwenye huduma, nyumba yenyewe inatakiwa iwaeleze kilichotokea na iombe radhi. Umeona kichekesho chake? Hilo neno lililokuletea balaa, kuna siku mwajiri wako analazimika kulisema yeye mwenyewe kwa kanuni. (Walioko Canada na wao wasiogope, British Columbia walitunga sheria ya namna hiyo 2006 na Ontario 2009.)

Ila hiyo ni habari ya mahakamani na fidia. Ofisini kwa meneja mambo yanaenda kwa karatasi, kwahiyo hayo maelezo yaandike vizuri na usiyaandike kwa hasira. Andika ulichokiona na kukisikia kwa mpangilio, saa ngapi ulisikia kishindo, ulikuwa wapi, umebeba nini, uliingia ukamkuta mzee amelalaje, ulibonyeza kengele, nani alifika. Usianze somo la asili ya maneno humo. Kuhusu sorry sentensi mbili zinatosha, kitu kama: "I said sorry to comfort him, not to apologise. I was not in the room when he fell." Basi. Ukitaka ongeza ya tatu kwamba kwenu mtu akiumia kila aliyepo anamwambia neno hilo. Na ukishaandika, baki na nakala yako.

Sasa tuje kwenye neno, na tuanze na mwenzako Mkenya kwa sababu amekosea kwa namna nzuri, ni kosa ambalo hata Waingereza wenyewe wengi wanalo. Sorry haijatoka kwenye sorrow. Ukiyaangalia yamefanana kama mapacha, moja kuhuzunika na lingine huzuni, nani angebisha? Lakini ukirudi nyuma kwenye Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka 1000 iliyopita ambacho Mwingereza wa leo ukimwekea mezani hakisomi, unakuta ni maneno mawili yasiyojuana. Sorrow ilikuwa "sorg", na ndugu yake wa Kijerumani mpaka leo ni "Sorge", wasiwasi, mahangaiko. Sorry ilikuwa "sārig", na hiyo ni mtoto wa neno "sār", maana yake maumivu, kidonda. Hilo "sār" ndo "sore" ya leo, hiyo hiyo ya koo linauma, sore throat, unayoiandika kwenye kumbukumbu za wagonjwa wako kila siku.

Kwahiyo sorry kwa kuzaliwa ni mtu mwenye kidonda ndani. Anayeumwa moyo.

Utaniuliza ile a imekuwaje o. Kuna wakati Kiingereza cha kusini kilipita kwenye mabadiliko ambapo a ndefu zote zikaanza kutamkwa kama o, ndo maana "stān" ikawa stone, "bān" ikawa bone, "hām" ikawa home. Na "sār" ikawa sore, na mtoto wake akafuata njia hiyo hiyo, ila yeye irabu ikafupishwa na pembeni kulikuwa na jirani anaitwa sorrow anamvuta. Si ndugu wa damu hawa, ni majirani waliokaa ukuta mmoja karne na karne mpaka wakaanza kufanana sura, kama wale wazee mume na mke unaodhani ni kaka na dada. Scotland hawakupita njia hiyo ya o, kwahiyo kwao kitu kinachouma bado ni "sair". Na ukoo wenyewe ni mkubwa, Wajerumani wanaposema "sehr gut", nzuri sana, hiyo "sehr" ni neno hilo hilo, zamani ilikuwa na maana ya "kwa kuuma", ikachuja mpaka ikabaki "sana" tu. Sisi tunafanya hivo hivo kila siku, tunasema mtu anaimba vibaya mno tukimaanisha anaimba vizuri. Hata Wafini, watu wa Finland, ambao lugha yao haina undugu na hizi, walilichukua wakalifanya "sairas", mgonjwa.

Nimekaa hapa muda mrefu makusudi, manake jibu la swali lako linatoka hapa. Kwenye asili yake hilo neno halina kosa ndani yake, wala halina kuomba. Ni mtu anasema tu ninaumia. Mabaki ya maana hiyo ya zamani bado yapo, Mwingereza akikuambia gari liko "in a sorry state" hamaanishi gari linaomba radhi, anamaanisha liko katika hali ya kusikitisha, taabani.

Sasa kosa liliingiaje? Liliingia mlango wa nyuma. Fikiria nimekukanyaga, nakuambia naumia moyoni kwa nilichokufanyia. Nimesema habari za moyo wangu tu, sijakuomba kitu, lakini we unaelewa, huyu anajuta, yaishe. Watu wakisema hivo mara elfu kwenye hali hiyo hiyo, basi ile hali inaingia ndani ya neno, kama harufu ya karafuu inavyoingia kwenye gunia, ukishamwaga karafuu gunia bado linanukia. Mwanzo ilikuwa sentensi nzima, I am sorry, na nyuma yake ina mkia unaoeleza nini kinakuuma, kwa jambo gani, kwa ajili ya nani. Kufika karne ya 19 watu wameshaanza kukata kichwa na mkia wanabaki na neno moja tu, sorry. Na hapo ndo shida inapoanza, kwa sababu neno likibaki peke yake msikilizaji hana cha kumsaidia kujua ni maumivu gani haya, anaangalia lile linalotumika mara nyingi zaidi kwake. Kwa sikio la Mwingereza wa leo, sorry kavu isiyo na mkia ni ya aliyekosea. Mkia ukiwepo anaelewa vingine kabisa. Ndo maana kwenye msiba wanaambiana "I'm sorry for your loss" na hakuna mfiwa hata mmoja anayeuliza kwani we ndo umemuua?

Turudi nyumbani kidogo. Sisi hii kazi tumeigawa kwenye magunia mawili tangu zamani. Kuna pole na kuna samahani, na mtoto wa miaka minne Tanga hawezi kuyachanganya, akikumwagia uji atakuambia samahani, akiona umeungua atakuambia pole. Pole ni ya anayeumia, na anayeisema hahusiki au hata kama anahusika siyo hoja kwa wakati huo. Inakaa na upole, na polepole, na mtu mpole, na wala si ajabu kwamba ukimpa mtu pole anakujibu "nimeshapoa", kama chai iliyokuwa ya moto. Tena sisi pole hatuhitaji hata kidonda, tunasema pole na kazi, pole na safari, pole na jua, pole na foleni, mtu katoka tu mjini yuko mzima kabisa unampa pole na anaipokea.

Samahani ni mgeni aliyehamia akawa mwenyeji. Ni Kiarabu, na ile -ni ya mwisho watu wengi wanadhani ni ile ya wingi kama "njooni", kumbe ni kiambishi cha Kiarabu chenye maana ya "mimi". Yani neno zima ni nisamehe. Kunradhi nayo ni hivo hivo, ni Kiarabu cha kumwambia mtu awe radhi. Ukiyaangalia haya kwa makini utaona kitu ambacho mi kila nikifundisha kinanifurahisha, maneno yetu ya kuomba radhi yote yanamgeukia yule aliyekosewa yanampa kazi ya kufanya, nisamehe, niwie radhi. Sorry haimpi mtu kazi yoyote. Inaeleza tu hali ya moyo wa msemaji. Kwahiyo hata pale Mwingereza anapoomba radhi kweli kweli, kwa maneno yenyewe hajaomba kitu, na we uliyezoea kuombwa unabaki unasubiri, mbona hajasema nimsamehe? Na ukitafsiri pole kwa sorry umeihamisha kutoka kwa anayeumia ukaileta kwako. Hayalingani, yanapishana tu njiani.

Ndo tufike kwa huyo mwenzako Mwingereza wa "Kiingereza kibovu". Mwambie nimesema apunguze. Hii sorry ya kumpa mtu pole haikuvumbuliwa Tanga, ipo Nairobi, ipo Kampala, ipo Lagos, ipo Accra, mtu akijikwaa barabarani watu watano wasiomjua wanamwambia sorry. Sababu ni moja, lugha nyingi za huko zina gunia la pole kando, na watu walipojifunza Kiingereza wakatafuta pa kulimwagia. Wayoruba wanasema "pẹlẹ", na sikiliza hii, wakilirudia mara mbili, pẹlẹpẹlẹ, wanamaanisha taratibu, kwa upole. Pole na polepole! Sisemi ni neno moja, lugha zina bahati nasibu zake na huo si ushahidi wa undugu, lakini mi siku naambiwa hiyo na rafiki Mnigeria nilicheka mpaka nikakaa chini. Waigbo wao wanasema "ndo", ambayo kwetu ni "ndiyo" ya vijana. Sasa matumizi yanayoeleweka na mamilioni ya watu kuanzia Atlantiki mpaka Bahari ya Hindi, yenye kanuni zake, huwezi kuyaita makosa, hiyo ni namna ya Kiingereza, kama Wamarekani walivyo na yao. Tena wewe uko karibu zaidi na ile "sārig" ya kale kuliko yeye. Na mwambie siku akiwa kwenye basi mtu amkanyage mguu asikilize nani anasema sorry wa kwanza. Mwingereza aliyekanyagwa ndo anayesema! Na asiposikia ulichosema anasema sorry, akitaka kupita anasema sorry, akitaka kukukatalia kitu anaanza na sorry. Wao wenyewe wanalitumia bila kosa mara nyingi tu, ila kwa sehemu zao walizozizoea.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba kwa kuwa wewe uko sahihi kihistoria basi mambo yameisha. Historia ya neno haimlazimishi mtu alisikie vile lilivyokuwa mwaka 900. Kwahiyo ile hoja ya mwenzako Mkenya, hata ingekuwa kweli, isingekusaidia mbele ya binti wa mzee. Hebu kumbuka neno apology lenyewe, limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ilikuwa hotuba ya kujitetea. Ile hotuba ya mwanafalsafa Socrates mahakamani Athens mwaka 399 kabla ya Kristo inaitwa hivo, na humo ndani hakuomba radhi hata kidogo, aliwachamba. Leo ukipeleka apology ya namna hiyo kwa meneja utafukuzwa.

Na usidhani ni wewe tu kea wa Tanga unayenasa hapo, serikali nzima zimenasa. Aprili 2001 ndege ya kijeshi ya Marekani ya upelelezi iligongana na ya China karibu na kisiwa cha Hainan, rubani wa Kichina akafa, ya Marekani ikatua kisiwani bila ruhusa na watu 24 wakashikiliwa siku 11. China inataka kuombwa radhi, Marekani inasema hatujakosea hatuombi. Wakatokaje? Ikaandikwa barua yenye "very sorry" mara mbili, moja kwa kifo cha rubani na moja kwa kutua bila ruhusa. Wachina wakawatangazia watu wao kwamba wameombwa radhi, Wamarekani wakawaambia wa kwao kwamba hatujaomba radhi, tumesikitika tu. Barua moja, na kila upande ulikuwa na haki ya kusema hivo, kwa sababu neno lenyewe lina vyumba viwili. Watu wakarudi kwao.

Australia waligombana kuhusu neno hili hili miaka. Watoto wa wenyeji wa asili walikuwa wamechukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao, na waziri mkuu John Howard mwaka 1999 akakubali bunge liseme linajuta, "regret", ila sorry akaikwepa, hoja ilikuwa kizazi cha leo hakiwezi kubeba lawama za waliopita. Tarehe 13 Februari 2008 waziri mkuu aliyemfuata, Kevin Rudd, akasimama bungeni akalisema, mara tatu mfululizo, watu wakalia. Ungemuuliza bibi yangu angesema kwani si angewapa pole tu siku zote hizo? Lakini Kiingereza hakikumpa Howard neno la pole lisilonuka karafuu.

Na la karibu yetu. Mwisho wa Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuwa Nairobi, watu wanasubiri atasema nini kuhusu mateso ya wakati wa Mau Mau. Alisema makosa ya zamani yanaleta "sorrow" kubwa kabisa na "regret" ya ndani kabisa. Umeona alivyopita? Akachukua jirani wa sorry, akamwacha sorry mwenyewe nje. Hata mwaka 2013 serikali yao ilipokubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 waliodai kuteswa, neno bungeni lilikuwa wanajuta kwa dhati, mengine hapana. Siku moja tu baada ya hotuba ya Nairobi, tarehe 1 Novemba, rais wa Ujerumani Steinmeier alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, na yeye kwa Kijerumani chake akasema anaomba msamaha. Kijerumani kwenye hilo kinafanana na sisi, kinaomba. Kwahiyo wiki ile ile Kenya ilipewa pole na Tanzania ikaombwa samahani, na waliosikiliza kwa Kiswahili walihisi tofauti hata kama hawakujua inatoka wapi.

Haya, uache kulisema? Mi nakushauri hapana, na nakuambia kwanini, na pia nakuambia gharama yake. Ukiliacha kabisa hutagombana na mtu, lakini utakuwa mtu anayemkuta mzee sakafuni akakaa kimya, na kwa mtu aliyelelewa kwetu huo ukimya unauma, utajiona umekuwa jiwe. Ukiendelea vile vile, kavu, mara tatu tatu, siku moja itarudi hii hii, kwa binti mwingine. Njia ninayoipenda mi ni kuliwekea mkia. "I'm sorry you're hurt." "I'm so sorry this happened to you." Hapo umesema nini kinakuuma na hakuna wewe ndani ya kosa, sikio la Kiingereza linaelewa hapo hapo kwamba ni pole. Au anza na lingine kabisa, "oh dear", "oh no, are you all right?", "you poor thing", hizo ndo pole zao za kila siku na wazee wa huko wanazipenda. Kitu kimoja tu uwe nacho makini, usimwambie mtu "I feel sorry for you", hiyo ni kumwonea huruma kama maskini, wengine inawaudhi kuliko hata kukanyagwa. Na ile sorry ya kweli kweli, siku umekosea wewe, itaje na kosa lake, "I'm sorry I was late with your tablets", sio "sorry if", manake hiyo "if" inageuza kosa kuwa la aliyeudhika.

Najua kwenye hofu mtu harudii somo la sarufi, ulimi unatoka na la nyumbani. Litatoka tu. Likitoka na mtu akakuambia "it's not your fault", usianze kujitetea, hiyo kwao ni lugha ya upole pia, jibu "I know, I just feel for you" na muendelee na kazi. Angekuwa yule binti alisema hivo ungekuwa umemaliza. Yeye aliuliza kwa ukali kwa sababu kakuta baba yake yuko chini, na mtu aliyeogopa anasikia vibaya. Usimfuate wewe mwenyewe kumweleza, mwachie meneja, au omba mkutane meneja akiwepo.

Pale ambapo mi siwezi kukusaidia kwa maandishi ni huku: ukipewa barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, au mtu akitaja kukusimamisha kazi, au ukiombwa usaini maelezo ambayo si maneno yako, simama hapo hapo utafute mtu ana kwa ana. Kwenye kikao cha nidhamu una haki kisheria ya kwenda na mwenzako wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi. Kama uko UNISON, chama cha wafanyakazi, wapigie leo, kama huko popote kuna Citizens Advice, wanaotoa ushauri kwa raia, na kuna Acas, wanaoshughulika na ugomvi wa kazini, wote hawakutozi kitu. Na ukiona mazungumzo yanazidi Kiingereza chako omba mkalimani, si aibu, hata mi nikiwa na homa Kiingereza kinanikimbia.

Mtoto wako sasa. Huyo ana sababu yake. Yeye sorry kaijua shuleni, ndo lile neno mwalimu anakusimamisha mbele ya mwenzako uliyempiga mpaka ulitamke. Kwahiyo kila akikusikia unalisema anasikia mama yake yuko matatani tena, tena mbele ya watu, na anaona aibu kwa niaba yako. Hajakukosea adabu. Mfundishe pole, si kwa kumwelezea, akigonga goti mwambie pole na umsubiri mpaka ajibu nimeshapoa, wiki mbili tu atakuwa anakupa na wewe ukirudi na miguu imevimba.

Na huyo mzee, anaendeleaje? Barua yote ndefu hiyo na hukuniambia kama aliumia. Ukiingia shifti mpe pole yangu, mkia utamwekea mwenyewe.